Msimu Niliodaka kwa Jicho Moja

Nilijua siku ya Ijumaa, msikitini, mwisho wa sala. Nilitoa salamu upande wa kuume, nikaona bega la jirani yangu na doa la mawese kwenye kola ya kanzu yake. Nikageuka kushoto kutoa salamu ya pili, na upande huo hapakuwa na mtu. Niliona giza la rangi ya kahawia tu, kama ukuta wa udongo. Kisha mkono ukatoka kwenye giza hilo, ukashika wangu, na sauti ya mzee mmoja muuza vitenge niliyemfahamu tangu utotoni ikanitakia amani. Alikuwa ameketi hapo muda wote, goti lake karibu liguse langu.

Nilienda nyuma ya msikiti, kwenye madumu ya maji ya kutawadhia, nikafunika jicho la kulia kwa kiganja. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha dunia, upana wa sahani, na kukizunguka palikuwa na ukungu. Niliona dumu moja. La pili, lililosimama kando yake, sikuliona mpaka nilipogeuza kichwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu msimu uanze, na mimi nilikuwa kipa.

Timu yetu ilikuwa ya daraja la pili. Mtu asiyeijua hali yetu anaweza kudhani hilo ni jambo kubwa. Lilikuwa kubwa kwa kiasi chake. Tulikuwa na jezi, kocha, na watu waliokuja kututazama hata mvua ikinyesha, lakini jina la mchezaji halikuvuka mtaa wake. Mimi nilijulikana Kabondo, mtaani kwetu. Waendesha baiskeli za abiria walinipungia mkono. Akina mama wauza makemba, zile ndizi za kupika, walinichagulia mkungu mzuri na kuniuliza tutacheza na nani Jumapili. Nilikuwa nimekaa golini miaka tisa, na nilikuwa nimefika umri ambao kipa huanza kuulizwa, kwa utani, ataacha lini.

Nilichekea utani huo, lakini uliniumiza kwa sababu ya papa, baba yangu. Papa alikuwa mfanyakazi wa reli, ile inayoanzia ng'ambo ya mto kwenda Ubundu. Treni zilipopungua hadi zikakoma kwa miaka, yeye aliendelea kuvaa koti lake la kazi kila asubuhi, akivuka mto kwa mtumbwi na kwenda kukaa kwenye stesheni isiyo na treni. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Miguu ilipochoka, alilivaa koti lile uani kwetu, akakaa akitazama lango la nyumba hadi alipofariki. Nilikuwa nimemwona mtu anavyokuwa kazi inapomtoka naye asiweze kuiacha. Nilikuwa nimeapa kwamba mimi sitafanana naye.

Nilienda hospitali peke yangu. Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole, mwenye vidole vilivyonukia sabuni, na alinipima kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Aliniuliza kama niliwahi kupigwa usoni. Nilimwambia ndiyo, misimu miwili iliyopita, goti la mtu. Jicho lilijaa damu siku nyingi, kisha likapona, nami nikasahau. Akanieleza kwamba halikupona. Njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho ilikuwa imeharibika, shinikizo likapanda polepole bila maumivu, na mshipa unaopeleka mwanga kichwani ukafa kidogo kidogo.

"Ile yenye imekufa, papa, imekufa," alisema. "Haitarudia. Tutachunga hii yenye imebakia."

Alinipa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Akasema pigo lingine kwenye jicho hilo lingemaliza kilichobaki, na kwamba lile la kulia sasa ndilo mali yangu yote. Halafu akauliza ninafanya kazi gani. Nilimwambia ninauza madaftari ya shule. Mke wangu ndiye aliyeuza madaftari. Nilitoka mle na chupa mfukoni, na kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeshaamua kwamba sitamwambia mtu. Mke wangu nilimwambia dawa ni ya vumbi.

Ukweli ni kwamba nilijipa sababu, na sababu hiyo niliitumia msimu mzima kama mtu anayevaa shati moja kila siku. Timu ilikuwa na makipa wawili tu. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule moja ya sekondari Kabondo, mtu wa karibu miaka arobaini, mwenye mgongo mgumu, aliyekuja mazoezini na chaki kwenye suruali. Aliandikishwa kwa sababu kanuni zilitaka makipa wawili. Sote tulimwita mwalimu, hata kocha. Nilijiambia kwamba nikitoka mimi anaingia yeye, na akiingia yeye tunashuka daraja. Timu ikishuka, wengi wetu hawatapata timu nyingine. Kwa hiyo, nikajiambia, ninakaa kwa ajili yao.

Nilijifundisha mbinu. Nilisimama nimegeuza kichwa kidogo kushoto ili jicho la kulia lifanye kazi ya yote mawili. Nilijisogeza karibu na mlingoti wa kushoto ili sehemu nisiyoiona iwe ndogo. Mpira wa juu sikuudaka tena kwa mikono miwili, kwa sababu jicho moja halikwambii mpira uko mbali kiasi gani. Niliupiga ngumi. Kocha aliniuliza kwa nini nimeacha kudaka, nikamwambia mipira ya siku hizi inateleza.

Mechi tatu za kwanza tulipoteza mbili, tukatoka sare moja. Katika ile ya tatu, winga wao alipiga mpira wa chini kutoka kushoto kwangu, wa polepole, mpira ambao mtoto angeuzuia kwa mguu. Nilianza kuanguka ulipokuwa umeshapita. Watu waliokaa nyuma ya goli walicheka, halafu wakanyamaza, na kunyamaza kwao kuliniuma zaidi.

Aliyegundua ni nahodha wetu. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mdogo kwangu kwa miaka sita hivi, mtoto wa familia ya wavuvi kutoka Yanonge. Alikuwa amekuja mjini kusoma, akabaki kwa ajili ya mpira, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kilingala. Aliniita yaya, kaka mkubwa, na hakuwahi kunipandishia sauti uwanjani hata nilipostahili. Baada ya mazoezi, siku mbili tangu goli lile, tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tukila safu, matunda ya zambarau ya kuchemsha. Kitu kikanigonga shavu la kushoto. Kilikuwa safu. Alikuwa amenirushia polepole, kutoka hatua tatu, naye alikuwa ananitazama. Akainuka, akazunguka, akanirushia nyingine kutoka kulia. Hiyo niliidaka. Akaja akakaa karibu yangu.

"Yaya, jicho hiyo ya mwasi iko na nini?"

Kwa Kilingala mkono wa kushoto ni mkono wa mwanamke, wa mwasi, na wa kulia ni wa mwanaume. Nilitafuta uongo mwingine nikaukosa.

"Imekufa," nilimwambia.

Aliuliza kama kocha anajua. Nikasema hapana. Aliuliza kuhusu mke wangu. Nikasema hapana. Alimenya safu moja pole pole, hakuila, akaiweka kwenye nyasi. Nilimweleza yote: goti, daktari, matone, mwalimu na mgongo wake. Nilimwomba asiseme. Nadhani nilishika mkono wake, ingawa sipendi kukumbuka hivyo.

Alikubali, kwa sharti. Nusu ya msimu, si zaidi. Mechi za mzunguko wa kwanza zikiisha, nitamwambia kocha mwenyewe, au yeye atamwambia. Na mpaka hapo yeye atakuwa jicho langu la kushoto.

Hivyo ndivyo tulivyocheza. Mpira ukija kutoka upande nisiouona, alipiga kelele, "Mwasi!" nami nikageuka. Wapinzani walicheka, wakadhani ni matusi ya kwetu au ni dawa ya kienyeji. Refa mmoja alimwonya kwa kutaja wanawake uwanjani. Wenzetu walizoea, wakaanza nao kupiga kelele hiyo bila kujua maana yake. Ilitusaidia. Tulishinda mbili nyumbani. Lakini kila mechi ilipoisha yeye alikuwa amechoka kuliko wengine wote, maana alicheza nafasi yake na nusu ya yangu, na sauti yake ilikauka kiasi kwamba Jumatatu alizungumza kwa kunong'ona. Nilimwona akichoka. Nilimshukuru kwa maneno, na sikufanya kitu kingine.

Mechi ya mwisho ya mzunguko wa kwanza ilikuwa Kindu. Treni haikuwepo. Tulikwenda Ubundu kwa pikipiki, wawili wawili nyuma ya dereva, kwenye njia ya msituni iliyokuwa tope mpaka kwenye ekseli. Kutoka hapo tulipanda boti la mbao lenye injini, siku tatu kupanda mto, tukilala juu ya magunia ya chumvi, mbuzi wakitukanyaga miguu. Siku ya pili chupa yangu ya dawa ilitoka mfukoni ikaangukia maji ya tope yaliyojaa chini ya boti. Niliipapasa kwa mikono kama kipofu kamili. Nilipoipata, kizibo hakikuwepo na ndani mlikuwa na maji ya mto. Nilikaa siku tisa bila matone. Sikumwambia hata nahodha.

Kindu tulishinda kwa goli moja, na nilizuia penalti. Ilikuwa dakika za mwisho. Penalti inapigwa kutoka mbele, na mbele bado nilikuwa naona. Nilimtazama mpigaji nyonga, nikaruka kulia, mpira ukanigonga kifuani. Waliniinua. Kocha alinikumbatia akalia. Mwalimu alikimbia kutoka benchi na mgongo wake ule, akanibusu kichwani. Kwa saa chache niliamini kwamba daktari alikosea, au kwamba mimi si kama watu wengine.

Tulipokuwa tunarudi, boti likishuka na mkondo, nahodha alikuja kukaa nami mbele, mbali na injini.

"Yaya, tulisema nusu ya msimu."

Nilimuuliza kama hakuona penalti ile.

"Niliona," alisema. "Lakini mupira haitoke mbele tu."

Nilianza na sababu yangu ya kila siku. Nilimwambia kuhusu mwalimu, kuhusu kushuka daraja, kuhusu wenzetu. Alisikiliza akitazama maji. Nilipoona haimtoshi, nilichukua kitu kingine, kibaya zaidi. Nilimwambia kuhusu papa na koti lake. Sikuwahi kumwambia mtu habari ile. Nilimweleza stesheni, mtumbwi wa asubuhi, na jinsi alivyokaa uani akitazama lango.

"Ukisema," nilimwambia, "utakuwa umenizika mimi muzima."

Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu nyumbani, na mke aliyekuwa akimwambia apumzike. Angeweza kusema hapana. Ninajua leo kwamba kama angesema hapana ningemchukia mwezi mmoja, kisha yangeisha.

"Bon," alisema mwishowe. "Lakini nikiita, unasikia. Usitoke golini kama sijaita."

Nikaahidi.

Mzunguko wa pili ulikuwa mbaya. Mshambuliaji wetu bora alipata timu Bunia akaondoka. Mvua ziliharibu uwanja, na mbele ya goli palibaki tope tupu. Timu mbili za mwisho ndizo zilizotakiwa kushuka, nasi tukawa wa tatu kutoka chini, halafu wa pili, halafu tena wa tatu. Watu wa mtaani waliacha kuuliza tutacheza na nani. Nilipata chupa mpya ya matone, lakini zile siku tisa zilikuwa zimechukua chao. Sahani niliyokuwa nikiona kwa jicho la kushoto ilikuwa imebaki kikombe. Nyumbani nilimwaga chai nje ya bilauri mara mbili kwa wiki moja, na mke wangu akapangusa meza huku akinitazama. Usingizi ulinipungua. Nilikuwa nikiomba Mungu, si anirudishie jicho, bali mvua inyeshe sana mechi iahirishwe. Mtu anayemwomba Mungu mambo kama hayo amefika pabaya.

Zilibaki mechi nne. Ile ya kwanza kati ya hizo tulicheza nyumbani, na timu iliyokuwa juu yetu kwa pointi moja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika. Uwanja ulijaa kuliko siku zote za msimu ule, na kelele zilikuwa nyingi, ngoma na filimbi tangu mwanzo. Hadi mapumziko ilikuwa sare bila goli.

Kipindi cha pili, krosi ilipigwa kutoka kushoto kwangu. Niliiona ilipoondoka mguuni mwa mpigaji, kisha ikaingia gizani. Nilisikia sauti, sikusikia neno. Ngoma zilikuwa nyuma yangu kabisa. Labda alikuwa ameita "Mwasi!" kama kawaida, labda aliita "Acha!" kwa sababu mpira ulikuwa wake. Nilitoka. Kipa akitoka kwenye mpira wa juu huinua goti mbele ili ajilinde, ni mwendo unaofundishwa siku ya kwanza, na mwili wangu uliufanya wenyewe. Niliruka na ngumi na goti na uzito wangu wote kuelekea mahali nilipodhani mpira utakuwa.

Mpira haukuwa pale. Yeye ndiye aliyekuwa pale. Mguu wake ulikuwa umezama kwenye tope hadi kwenye kifundo, macho yake yakiwa juu, tayari kupiga kichwa. Nilimwangukia kwa pembeni, chini kidogo ya goti. Nilisikia sauti ya mfupa kabla sijajua nimegonga nini. Mpira ulitua nyuma yetu, ukavuka mstari taratibu, na hakuna aliyeushangilia, hata wao.

Alikuwa amelala akinitazama. Hakulia wala hakutukana. Mguu ulielekea upande ambao mguu hauelekei.

"Nilikuita, yaya," alisema.

Walimbeba kwa ubao wa kuwekea chupa za maji, wakamweka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, wakaondoka naye. Kocha alinijia, akanishika mabega, akaniuliza kama ninaweza kuendelea. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, na mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Nilisema ninaweza. Nilicheza dakika zilizobaki nikiwa na damu ya mwenzangu kwenye glovu, nikafungwa goli jingine kutoka upande uleule.

Kila mtu alilaumu tope. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi katika siku zilizofuata. Wachezaji walikuja kwangu nyumbani kunipa pole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Kaka mkubwa wa nahodha, mchuuzi wa samaki bandarini, alinishika mkono akasema mambo ya mpira ni ya Mungu, nisijilaumu. Nilimwitikia kwa kichwa.

Siku ya nne nilikwenda hospitali. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Yanonge kwa boti, na alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda na sufuria ya lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa moshi. Mwanawe alimwambia mimi ni nani. Akainuka, akanishukuru kwa kuja, akaninawisha mikono, akanikatia kipande kikubwa cha samaki. Alisema kijana wake alimwandikia habari zangu mara nyingi, kwamba mjini ana yaya anayemwangalia.

Nilimtazama nahodha. Mguu wake ulikuwa umefungwa kutoka nyonga hadi vidole. Alitikisa kichwa kidogo, kunikataza. Hata pale, alikuwa bado analinda upande wangu.

Nilimwambia mama yake. Nilisema vibaya, bila mpangilio, nikianza na penalti ya Kindu badala ya jicho, ikabidi nirudi nyuma. Yeye alisikiliza na mkono wake ukiwa bado kwenye mfuniko wa sufuria. Nilipomaliza hakunigeukia mimi. Alimgeukia mwanawe.

"Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Alifunika sufuria. Akatazama ule mguu, akaanza kulia bila sauti, akitulilia sisi wawili kama watu wawili waliokufa kwa ujinga mmoja. Akaniomba niondoke. Aliniomba kwa heshima, akiniita papa, na ningependa zaidi kama angenipiga.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja mazoezini. Kocha alikuwa amewakusanya wenzangu katikati ya uwanja. Nilisema mbele ya wote. Mara hii nilianza na jicho. Mmoja wa mabeki, kijana aliyekuwa akipiga kelele "Mwasi!" kwa furaha tangu mwanzo wa msimu, alielewa tu wakati ule alichokuwa akisema, akaondoka akaenda kukaa peke yake. Kocha alinyoosha mkono. Nilivua glovu nikampa. Alimpa mwalimu pale pale, bila kunitazama, nami nikatembea kwenda nyumbani kwa miguu, nikamweleza mke wangu. Alisema alijua kuna kitu tangu ile chai. Alikasirika, si kwa sababu ya jicho, kwa sababu ya matone niliyoita ya vumbi. Kwa siku nyingi alinijibu kwa neno moja moja.

Mwalimu alikuja kwangu kesho yake, baada ya vipindi. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alitaka kujua washambuliaji wa timu tatu zilizobaki wanapendelea mguu gani. Aliandika kila kitu kwenye daftari lake la shule kwa mwandiko mzuri. Nilimwambia nasikitika kwamba nilimwona hawezi. Akasema kila mtu alimwona hawezi, hata yeye mwenyewe, lakini hakuna aliyekuwa amemjaribu.

Mechi ya kwanza alitoka sare. Ya pili walifungwa moja. Ya mwisho ilikuwa nyumbani, na sare ilitosha. Nilikwenda kwa sababu kukaa nyumbani nilishindwa. Nilisimama kwenye ngazi za upande wa jua, mahali ambapo watu hawanifahamu sana, nikiona uwanja wote kwa kugeuza kichwa huku na huku. Mwalimu hakuruka vizuri. Aliinuka polepole kila alipoanguka. Lakini alisimama mahali panapotakiwa kabla mpira haujafika, kila mara, kama mtu aliyeshapiga hesabu nyumbani. Dakika za mwisho walipiga krosi tatu mfululizo kutoka kushoto. Zote tatu alizidaka kwa mikono miwili.

Timu ilibaki daraja la pili. Watu waliingia uwanjani, wakambeba mwalimu, na nilimwona akishika mgongo kwa mkono mmoja na kucheka. Nililia pale kwenye ngazi. Mtu mmoja karibu yangu alidhani ni furaha, akanipiga begani. Msimu mzima nilikuwa nimejiambia kwamba hakuna mwingine. Alikuwepo, kwenye benchi, umbali wa hatua ishirini, na mguu wa mtu ulivunjika bure.

Mguu ule uliunga vibaya. Walimfanyia operesheni mara mbili, na mwishowe ukawa mfupi kuliko mwenzake. Alirudi Yanonge na mke na mtoto, akaanza kununua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka mjini kwa boti za kaka yake. Jicho langu la kushoto sasa halioni hata mwanga. La kulia linanitosha kusoma bei kwenye madaftari, kwa sababu siku hizi kweli ninauza madaftari, pamoja na mke wangu, na tumerudi kuzungumza kama zamani.

Nilikwenda Yanonge mara moja, mwaka uliofuata. Nahodha alinipokea vizuri. Alinionyesha nyumba aliyokuwa anajenga, akanipeleka kwa wazee wa ukoo, akawaambia mimi ni kaka yake wa mjini. Mama yake alinisalimia, akapika, hakukaa nasi. Tulizungumza habari za mto na bei ya nyavu. Mpira hakuutaja hata mara moja, nami sikuthubutu. Nilitaka kumwomba msamaha, na kila nilipofungua mdomo alianza habari nyingine, haraka, kwa upole, kama mtu anayeondoa mpira mbele ya goli.

Siku ya kuondoka, mke wake alinisindikiza mpaka kwenye boti akiwa amembeba mtoto mgongoni. Nahodha mwenyewe alibaki juu ya ukingo, kwa sababu ngazi za udongo zilimshinda. Mke wake alisubiri hadi watu wengine wapande. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba mumewe ananipenda, na kwamba ndiyo sababu yeye, mkewe, ananiomba nisije tena kwa sasa. Tangu mumewe aliposikia ninakuja hakuwa anakula vizuri. Anakaa akisugua mguu, akisema angepaswa kuita kwa nguvu zaidi.

Nilimwambia nimeelewa. Boti lilipoondoka nilimtafuta kule juu ya ukingo, nikageuza kichwa mpaka nikamwona. Aliinua mkono. Niliinua wangu. Huwa ninamtumia salamu kwa watu wa boti, na mara nyingine jibu hurudi. Yanonge sijarudi.